Dawati la Nne Limetimia

Mimi nahesabu kwa maandazi. Shule niliacha darasa la tatu, na hata hilo la tatu sikulimaliza, kwa hiyo kitu chochote kikiwa kingi nakigeuza maandazi kwanza ndipo kinaniingia kichwani. Kumi ni mstari mmoja kwenye beseni. Mistari mitano, beseni limejaa. Ukiniambia watu hamsini walikuja msibani, naona beseni. Ukiniambia mia na hamsini naona mabeseni matatu, na mgongo unaanza kuniuma hapo hapo, maana uzito wake naujua.

Nalisema hili mapema ili nikianza kuongea habari za madarasa ya huku na kule msidhani nimezisoma mahali. Sijazisoma. Nimeziuzia.

Marehemu mume wangu alikuwa kibarua wa barabara. Barabara ilikoenda na sisi tulienda. Tulikaa Tabora, tukakaa Lindi, siyo mjini, huko ndani, tukapelekwa Moshi mlimani miezi michache, mwisho tukarudi Dar es Salaam kwa wazazi wake Ilala, na hapo ndipo alipofia. Alikuwa mtu mwema, ila hakuweza kupita mahali wanapocheza bao asikae. Basi kila tulipohamia, mwenzangu anaulizia kazi inaanza lini, jirani anaulizia kisima, mimi naulizia shule. Penye shule pana mapumziko ya saa nne, na penye mapumziko pana njaa.

Tabora tulipokuwa, watoto walikuja shule kila mmoja na tofali lake kichwani. Ndilo la kukalia. Ubao ulikuwa mmoja, mwalimu kaupiga mstari wa chaki katikati, upande huu darasa la pili, upande huu darasa la tatu, na waliokaa mpakani walisoma yote mawili. Darasa moja lilikula beseni zima na wengine wakabaki wanalamba vidole vya wenzao. Moshi kule mlimani darasa lilikuwa dogo, watoto wasafi, kila mmoja na ndizi yake mbivu kutoka kwao, hakuna aliyenitazama. Nilikula maandazi yangu mwenyewe siku tatu nikaapa sitakaa mkoa wenye migomba mingi. Lindi ndiyo iliyonikaa moyoni. Mistari mitatu tu, maandazi thelathini, darasa zima linakula na mawili yanabaki. Mwalimu alisimama mlangoni na daftari lake, anaita majina mmoja mmoja, na kila mtoto anainuka: "Nipo, mwalimu!" Akimaliza kuita ndiyo kwanza anaingia ndani. Mimi nikiwa nje na beseni langu nilikuwa nayajua majina yote kama nayo nimeyakanda mimi.

Hizo ndizo hadithi nilizokuwa nampa mjukuu wangu. Angalieni nilivyojiponza.

Mjukuu wangu huyu ni mtoto wa binti yangu, mtoto wa kike, wakati huo alikuwa na miaka minane, darasa la tatu, shule ya hapa Kariakoo ambayo sitaitaja kwa sababu bado nauza maandazi kwenye ukuta wake. Mama yake anakaanga samaki soko la Feri. Anatoka alfajiri, anarudi jioni, na mtoto ananiachia mimi. Tunatoka naye Ilala asubuhi, ndoo kichwani kwangu, begi mgongoni kwake, namfikisha getini, anaingia, mimi nakaa pale ukutani, pembeni ya geti. Geti lote naliona. Ndivyo nilivyomwambia mama yake: "Wewe kaanga samaki wako, geti lote naliona."

Darasa lake lilikuwa na watoto mia moja hamsini na sita. Wekeni maandazi hapo. Mabeseni matatu, halafu sita ya kushika mkononi. Ndoo yangu nzima haitoshi darasa hilo moja, na shule ina madarasa mangapi. Kibiashara nilitakiwa nifurahi na kusema kweli nilifurahi, sitawadanganya. Watu wangu wa kahawa pale mtaani walikuwa wakibishana mkoa gani una darasa kubwa kuliko mwingine, huyu anavutia kwao Mwanza, huyu Kigoma, kama vile wanagombea kikombe, na mimi nilikuwa nasema, "Nyie semeni, mimi nimeyalisha." Tunacheka. Lakini mtoto alianza kubadilika.

Jioni namuuliza, "Leo mwalimu kakuuliza nini?"

"Hajaniuliza."

"Jana je?"

"Bibi, mwalimu hanijui."

"Atakosaje kukujua na wewe unakaa mbele yake toka Januari?"

"Anajua dawati."

Na hapo ndipo aliponieleza mambo ya dawati, ambayo nami nilikuja kuyaona kwa macho yangu. Mwalimu wao hakuwa mtu mbaya. Msichana mdogo wa Mbeya, sauti imemkauka kwa kupaza. Akianza kuita majina mia moja hamsini na sita, anapofika mwisho kengele ya kipindi imeshalia. Kwa hiyo alikuwa na utaratibu wake. Madawati ishirini na sita, kila dawati watoto sita, ingawa fundi alilichonga kwa ajili ya watatu. Kila dawati lina nahodha. Mwalimu anaita, "Dawati la kwanza!" Nahodha anatazama wenzake, anajibu, "Tumetimia!" Dawati la pili, tumetimia. La tatu, mmoja mgonjwa, anaandikwa huyo mmoja. Dakika mbili kazi imeisha, cheki za waliohudhuria zimejaa daftari zima, watu wanasoma. Nilipoelezwa nikasema huyu binti ana akili, hata mimi ndivyo ninavyohesabu. Sihesabu andazi moja moja, nahesabu mstari.

Mjukuu wangu akasema, "Lindi walikuwa wanaitwa majina."

Nikamwambia Lindi ilikuwa zamani. Halafu, mdomo wangu huu, nikaongeza: "Hata hapa mjini zipo. Mchafukoge kuna shule, nyumba za pale zote zimegeuka maduka na ofisi, watu wamehama, watoto wamebaki wa kuhesabu. Mwenzangu anayeuza pale anasema ndoo moja inatosha shule nzima." Na tulipoenda kununua ngano siku ile ile nikamwonyesha geti lake kwa kidole.

Sasa ije siku yenyewe. Jumatano. Nilimfikisha getini kama kawaida, akaingia, na mimi nikageuka nikaanza kugombana na muuza ubuyu. Mwanamke yule kaja juzi juzi tu, kaweka kigoda chake kwenye kivuli changu. Tuligombana muda mrefu, alinitukana nikamtukana, na muda wote huo geti nilikuwa nimelipa mgongo. Ile kauli ya geti lote naliona nilikuwa nimeila mwenyewe.

Saa nne kengele ikalia, wakamwagika. "Shikamoo bibi! Shikamoo bibi!" Mimi naitikia marahaba moja kwa watoto kumi. Andazi la mjukuu wangu huwa nalifunga kwenye karatasi naliweka mapajani, hachelewi kuja kulichukua, ana aibu ya kusukumana lakini njaa anayo. Nikauza, nikauza. Kengele ya kurudi ikalia. Wakarudi. Nikatazama mapajani, karatasi ipo.

Nikamshika mkono mtoto mmoja wa mwisho mwisho, nahodha wa dawati lake, ana pengo la meno mawili mbele.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Yupo, bibi."

"Yupo wapi?"

"Darasani. Leo tumetimia."

"Mbona hakuja kuchukua andazi?"

Akatazama chini. "Labda hana njaa." Akachomoka, akakimbia ndani.

Hana njaa! Mtoto niliyemlea mimi! Nikainuka. Nikamwambia muuza ubuyu, "Niangalizie ndoo."

"Si umesema mimi mwizi wa wateja?"

"Niangalizie. Jioni nitakuja tuendelee."

Kaona uso wangu. Akaivuta ndoo karibu yake.

Mwalimu nilimkuta anaandika ubaoni. Darasa lile ukilisogelea kwanza unakutana na joto lake mlangoni, ndipo unaona vichwa. Vyote vimenyolewa au vimevaa ushungi mweupe, mashati meupe, macho kwako. Nilitafuta mmoja kati ya hao nikajikuta natazama kama mtu anayetafuta punje aliyoiangusha kwenye gunia la mchele.

"Mwalimu, mjukuu wangu simwoni."

Akafungua daftari. "Wa dawati la nne? Yupo, mama. Nimemweka cheki."

"Umemwona?"

"Dawati la nne walisema wametimia."

"Nakuuliza umemwona wewe, kwa macho."

Akarudi kutazama ile cheki. Hilo ndilo lililonikata maini. Nikaanza kumwita mtoto kwa jina kwa sauti, palepale mlangoni, mara tatu. Vichwa mia na zaidi vikageuka kutazamana. Hakuna aliyeitika.

Mwalimu akawatoa wote uwanjani, wakapangwa mistari. Kumi, kumi, kumi. Tulihesabu wawili, yeye kwa kalamu na mimi kwa maandazi. Mistari kumi na mitano, na sita mbele. Akahesabu tena. Mia moja hamsini na sita.

Akashusha pumzi. "Umeona mama? Wako wote. Atakuwa amejibanza humo humo."

Sijui kama mnanielewa nilivyokuwa. Hesabu imekubali na mtoto hayupo. Nilitembea mstari hadi mstari nikishika kila kidevu, nainua, naachia, nainua, naachia. Sio yeye. Sio yeye. Mpaka nikafika nyuma kabisa, nikashika kidevu kidogo mno, kinanata ute wa ubuyu. Mtoto wa kiume, hana hata miaka mitano, shati la shule linamfika magotini.

"Wewe uko darasa la ngapi?"

"La dada," akasema.

Yule nahodha mwenye pengo akaanza kulia. Ikatoka yote. Mdogo wake. Mama yao amepata meza sokoni Ilala, nyumbani hakuna wa kumwachia, kwa hiyo dada mtu anakuja naye, anamvalisha shati lake la zamani, anamkalisha katikati ya dawati. Siku zote walikuwa saba. Leo alipotazama akakuta vichwa sita. Mwalimu kasema sita. Akajibu tumetimia.

"Tangu lini yuko hapa?" mwalimu akauliza.

"Wiki mbili, mwalimu."

"Wiki mbili nimemfundisha?"

"Ndiyo, mwalimu. Anajua na jedwali la kuzidisha kwa mbili."

Mwalimu akakaa kwenye ngazi kama aliyepigwa. Nilimhurumia baadaye. Wakati ule sikumhurumia, nilimwambia maneno ambayo nimeshamwomba radhi na sitayarudia. Nikatoka.

Asikwambie mtu, Kariakoo ukiwa umepotelewa siyo Kariakoo unayoijua. Mimi njia zile nazipita miaka na miaka, siku ile zote zilikuwa na midomo. Mkokoteni wa mabelo ya mitumba ukipita naona mtoto chini ya gurudumu. Gari ikirudi nyuma kupakua mzigo naona mtoto nyuma yake. Kila mtoto mwenye sketi ya bluu moyo unaruka, anageuka, sio yeye. Nilifika kwenye duka moja la mashuka, pana kijana nje na kipaza sauti anaita wateja, nikamshika shati.

"Mwanangu, nitangazie. Nimepotelewa na mtoto."

Kijana mzuri. Aliacha bei zake palepale. "Jamani, jamani, tusikilizane kidogo! Bibi yetu wa maandazi kapotelewa na mjukuu. Mtoto wa kike, miaka minane, sketi ya bluu, shati jeupe, ushungi mweupe!"

Mtu akajibu kutoka upande wa pili, "Mzee baba, hao si wako elfu? Taja alama!"

Kijana akaziba kipaza kwa kiganja. "Bibi, alama yake nini?"

Nikafungua mdomo. Alama yake. Mtoto ninayelala naye kitanda kimoja, ninayemwogesha. Nikasema ni mpole. Nikasema anaogopa kusukumana. Kijana ananitazama, anasubiri kovu, anasubiri rangi ya viatu, anasubiri kitu cha kutangaza, na mimi sina. Nilikuwa nimetoka kumtukana msichana wa watu kwa kutomjua mtoto mmoja kati ya mia moja hamsini na sita. Mimi ninaye mmoja.

Simu ikalia. Binti yangu. Nikaitazama ikalia ikakata. Ikalia tena. Nisiseme uongo, saa ile nilikuwa namwogopa binti yangu kuliko kitu chochote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mtoto yuko wapi?"

"Yuko shule."

Nyuma yake nasikia mafuta yanachemka na wachuuzi wanapiga kelele.

"Shule gani, mama?"

Nilikaa chini, kwenye ukingo wa duka la watu, juu ya mashuka ya watu.

"Nimepigiwa simu na mwalimu wa Mchafukoge," akasema. "Namba yangu kaikuta kwenye jalada la daftari. Mtoto yuko darasani kwake tangu asubuhi. Wewe si ulisema geti lote unaliona?" Akakata.

Kutoka pale hadi Mchafukoge si mbali, lakini nilipofika binti yangu alikuwa ameshafika kwa bodaboda, aproni yake bado kiunoni, unga wa kukaangia samaki mpaka kwenye nyusi. Mjukuu wangu amekaa kwenye benchi nje ya darasa, mikono mapajani, mzima. Nilitaka nimshike, mama yake akanitazama, nikabaki nimesimama.

Mwalimu wa pale ni mzee, miwani imefungwa na uzi. Nikachungulia darasa lake. Mistari miwili na nusu. Ishirini na watano, wamekaa wawili wawili, katikati unaweza kupita na ndoo bila kumgusa mtu.

"Nilikuwa naita majina," akatueleza. "Nimefika mwisho, nimefunga daftari, nasikia sauti kule nyuma: 'Mwalimu, mimi hujaniita.' Natazama, kichwa kimezidi. Sare ni ile ile, lakini kichwa kimezidi. Nikamuuliza umetoka wapi, hasemi. Nikaona nikimfukuza barabarani nitamuua. Nikamwacha asome mpaka mapumziko ndipo nikapekua madaftari yake."

Binti yangu akachuchumaa mbele ya mtoto. "Ulifuata nini huku?"

"Bibi alisema kwenye darasa dogo wanaita jina la kila mtu. Kama Lindi."

Binti yangu hakunitazama. Aliinuka akamwomba mwalimu amchukue. Alimwomba vizuri, kwa adabu, mwanamke ambaye Feri anaogopwa. Mwalimu akakuna kichwa. Akasema uhamisho unataka barua, barua inaenda kwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu anachukua watoto wa mtaa huu kwanza. "Na nikikuchukulia wa kwako leo, kesho kina mama wote wa Kariakoo wako hapa. Halafu na hapa patakuwa kama kule. Sikufungii mlango, lete barua. Lakini leo arudi darasani kwake, wanamtafuta."

Tukatoka nje ya geti sisi watatu. Bodaboda anamsubiri binti yangu, samaki wake kamwachia jirani kwenye mafuta. Nilidhani atanitukana. Bora angenitukana.

"Mrudishe," akasema. "Na kabla hamjafika umweleze Lindi yote. Usimpe nusu."

"Nimweleze nini tena?"

"Mama. Lile darasa nililisoma mimi."

Akapanda, akaenda zake.

Tulitembea mimi na mtoto, nimemshika mkono kwa nguvu mpaka akasema naumia. Nilikuwa nazunguka na maneno. Nimeshasema nimeishi na hadithi ile miaka mingi, nimeihadithia kwenye kahawa, kwenye ngoma, kwenye foleni ya maji, na kila nilipoihadithia niliishia pale watoto wanapoinuka kusema nipo. Ikabidi niende mbele.

Darasa la Lindi lilikuwa dogo kwa sababu watoto hawakuwepo. Ndiyo ukweli wenyewe. Kwenye daftari walijaa. Lakini mahindi yakianza kukomaa wanaenda kulinda nguruwe na nyani, korosho zikianguka wanaenda kuokota, wengine wanahamia shambani na wazazi wao miezi mizima. Mwalimu anaita jina, kimya. Anaita la pili, "Nipo, mwalimu." Anaita la tatu, kimya. La nne, kimya. Yeye anaita tu. Mistari mitatu niliyokuwa naiuzia ndiyo waliobaki.

"Na mama?" mtoto akauliza.

"Mama yako alikuwa darasa la nne."

"Alikuwa anasema nipo?"

Guta la magurudumu matatu lililojaa mabeseni ya plastiki lilitupita karibu, nikamvuta ukutani. Nilitamani lisimalize kupita.

"Muhula mmoja hakwenda," nikasema. "Niliumwa mgongo. Nilikuwa na tumbo la mjomba wako. Nilihitaji wa kukanda unga."

"Mwalimu aliendelea kumwita?"

"Kila siku."

"Wewe ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nje na beseni. Nilikuwa nasikia."

Alitoa mkono wake kwenye mkono wangu, taratibu, akaushika mkanda wa begi lake. Tukaenda hivyo, yeye mbele kidogo, mimi nyuma, na njia ile yote niliogopa atakimbia tena na safari hii nitakuwa sina wa kumsingizia.

Shuleni kipindi cha hisabati kilikuwa kinaanza. Yule mdogo mwenye shati refu walikuwa wamemkalisha ofisini na kikombe cha chai, wanangoja mama yake. Mwalimu alipotuona mlangoni alikuja mbio, akamshika mtoto mabega, akamtazama usoni kwa muda, namna unavyomtazama mtu unayetaka kumkumbuka. Halafu akarudi mezani, akafungua lile daftari, akapitisha kidole chini, akafika pale penye cheki.

"Unaitwa nani?"

Nikafungua mdomo nijibu mimi, mazoea. Mwalimu akaninyooshea kiganja. "Bibi, mwache."

Mtoto kasimama mbele ya darasa lile lote. Mjukuu wangu anatazama sakafu. Nikasema moyoni atageuka, atatoka, nitamkosa hapa hapa mlangoni. Yule wa pengo kule dawati la nne kajiziba uso kwa daftari.

Akasema jina lake.

"Nyuma hawajasikia," mwalimu akasema.

Akalisema tena, jina lake, la baba yake na la babu yake, kwa nguvu kama anagombana na mtu. Mwalimu akalitafuta kwenye daftari, akafuta ile cheki, akalisoma kwa sauti. Mtoto akajibu, "Nipo, mwalimu."

Nikadhani yameisha. Lakini mwalimu hakufunga daftari. Aligeuza karatasi akarudi juu kabisa, kwenye jina la kwanza, akaliita. Mtoto wa kwanza akashtuka, hajui afanye nini, mwenzake akamsukuma, akainuka. "Nipo." Akaita la pili. Akaita la tatu. Mimi nikarudi kwenye ukuta wangu, nikachukua ndoo yangu kwa muuza ubuyu, kaniuzia yote hata moja halijabaki, na tumekaa pale sisi wawili hatugombani, tunasikiliza majina yanatoka dirishani. Sauti ya mwalimu ilikuwa inakatika kila baada ya jina. Kipindi cha hisabati chote kikaisha anaita. Kengele ikalia, akaendelea.

Sitawaambia mambo yakawa mazuri. Kesho yake walirudi kwenye utaratibu wa madawati, ila sasa mwalimu anapita mwenyewe kutazama nyuso, na barua ya uhamisho binti yangu kaipeleka, haijajibiwa. Mtoto hunipa mkono siku moja, siku nyingine haunipi. Sijamlazimisha.

Lakini jioni ile mama yake aliporudi kutoka Feri, hajavua hata aproni, alipiga magoti kwenye mkeka akalifungua begi la mtoto, akatoa daftari la hisabati, akakuta karatasi nyeupe tupu.

"Kumbe baada ya yote hayo hamkusoma kitu?"

"Tumesoma," mtoto akasema.

"Mmesoma nini?"

"Majina."

Binti yangu akalifunga lile daftari. Akamwambia aanze kumtajia, yote anayoyakumbuka. Mtoto akakaa vizuri, akaanza na la kwanza, na mimi nikaenda uani kuloweka hamira, nikiacha mlango wazi nisikie.